Kipuri huharibikia kwenye kalibu, si mashineni

MASHINE ya kusaga ikisimama kijijini katikati ya msimu, mtu wa kwanza kulaumiwa ni kijana anayeiendesha. Amekaza mkanda mno, amejaza makopa mengi kwa mara moja, amewasha injini kwa pupa. Kijana naye humlaumu aliyeuza puli. Muuza puli hujibu kwamba yeye ni mfanyabiashara tu, mzigo aliununua ukiwa hivyo hivyo Dar es Salaam.

Wakati lawama zinazunguka, akina mama waliokuja na ndoo za mahindi na makopa wamekaa kivulini wakisubiri. Baadaye hujitwika mizigo yao na kwenda kijiji cha pili.

Ni nadra mtu kuiokota ile puli iliyovunjika na kuitazama pale ilipokatikia. Anayefanya hivyo mara nyingi hukuta kishimo ndani ya chuma, karibu na kitovu panapopita shafti, chenye kuta za kukwaruza mithili ya jino lililooza kwa ndani. Kishimo hicho hakikuletwa na mkanda wala na kijana. Kilizaliwa siku ile chuma kilipomiminwa kwenye kalibu, na kilizaliwa kwa sababu kalibu hiyo ilipoa vibaya.

Kalibu ni lile umbo ambamo fundi humimina chuma, aluminiamu au shaba iliyoyeyuka ili ipate sura anayoitaka. Kazi yenyewe huitwa kusubu. Kwa mkulima wa Mtama au mchuuzi wa Kilwa Kivinje, hii inaweza kuonekana kuwa habari ya wahandisi na vitabu vyao. Lakini hakuna biashara ya mazao katika pwani hii isiyotegemea kitu kilichosubiwa: puli ya mashine ya kusaga, chemba ya mashine ya kukamua ufuta, rafadha ya boti ambayo wengi huiita propela, kichwa cha injini ya dizeli, hata sufuria ya mama lishe pale Nangurukuru.

Mkoa wa Lindi una sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi mjini ni zaidi ya kilomita 400 za barabara, na barabara yenyewe ni moja. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, watu wa Kusini walishusha pumzi. Hata hivyo, mvua kubwa na Kimbunga Hidaya vilipopiga mapema Mei 2024, barabara ilikatika wilayani Kilwa, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Kipuri kilichovunjika wiki ile hakikuwa na pa kutokea.

Chukua mfano wa hesabu ndogo. Puli mbili zinafanana kwa macho, moja inauzwa Sh40,000 na nyingine Sh65,000. Mashine inaingiza Sh50,000 kwa siku baada ya kutoa dizeli. Ikisimama siku 4 kusubiri kipuri, hasara ni Sh200,000, bila kuhesabu nauli na malipo ya fundi. Hiyo ni mara 8 ya Sh25,000 ambazo mwenye mashine alidhani ameziokoa dukani.

Tatizo ni kwamba dukani hakuna namna ya kujua ipi ni ipi. Zote zimepakwa rangi ya fedha, zote zinang'aa, na bei kubwa si ushahidi wa uzima. Ushahidi uko nyuma zaidi, kwenye karakana, katika swali moja ambalo wanunuzi hawaulizi: kalibu yako unaipozaje, na umeipima lini?

Anayekula ugali kwa mkono anajua namna kitu cha moto kinavyopoa. Pembeni mwa sinia ugali hupoa kwanza, katikati bado unaunguza vidole. Chuma kilichomiminwa nacho hufanya hivyo. Sehemu nyembamba, kama ukingo wa puli na vijiti vyake, huganda mapema. Sehemu nene, yaani kitovu, hubaki majimaji hadi mwisho.

Kungekuwa hakuna neno kama metali isingesinyaa. Lakini aluminiamu ikigeuka kutoka majimaji kuwa kitu kigumu hupungua ujazo kwa karibu asilimia 6. Kitovu kinapoganda kinahitaji metali ya ziada kuziba pengo hilo. Kama vijiti vimekwisha kuganda, njia imefungwa, na pengo hubaki humo humo kama kishimo. Kwa nje hakionekani. Hungoja mkanda ukazwe na mzigo uongezeke.

Mhandisi mmoja wa Ulaya, Nicolas Chvorinov, alionyesha mwaka 1940 kwamba muda wa kuganda hutegemea ujazo wa kitu ukilinganishwa na eneo la ngozi yake, tena si kwa uwiano wa moja kwa moja. Kwa lugha nyepesi, bamba lenye unene mara mbili ya jingine huchukua muda karibu mara nne kuganda. Fundi anayeongeza unene wa kitovu ili puli iwe "imara" bila kubadilisha namna ya kuipoza, anaongeza pia nafasi ya kishimo.

Isidhaniwe kwamba dawa ni kupoza haraka tu. Kwa aluminiamu, kupoa upesi kwa mpangilio huleta chembe ndogo ndogo na kipuri hupata nguvu zaidi. Kwa chuma cha kusubu, kile cheusi kizito cha puli za zamani na vichwa vya injini, mambo hugeuka. Kikipoa haraka kupita kiasi, kaboni iliyomo hushindwa kujitenga kama grafaiti, na chuma huwa cheupe kwa ndani, kigumu na chepesi kuvunjika kama kigae. Fundi wa kukereza akijaribu kukitoboa, keekee ndiyo inayokatika. Ugumu huo unafaa kwa sahani za kusagia, ambazo huwa zinaliwa na nafaka na mchanga. Kwa puli ni balaa.

Kwa hiyo kila kipuri kina namna yake ya kupozwa, na swali la maana ni kama fundi anajua kalibu yake inafanya nini.

Mafundi wadogo wengi nchini husubu kwenye mchanga. Huchukua kipuri kizima kama kielelezo, hukizungushia mchanga wenye unyevu kidogo na udongo wa mfinyanzi, hukitoa, kisha humimina. Ni njia ya miaka mingi duniani na bado inafaa kwa kazi ya vipande vichache. Pwani hii yenyewe si ngeni kwa kazi za metali: Kilwa ilikuwa na sarafu zake za shaba tangu karne ya 11, wakati sehemu kubwa ya pwani ikitumia fedha za wageni.

Mchanga, hata hivyo, hupitisha joto polepole, na kalibu ya mchanga hubomolewa kila baada ya kumimina. Anayetaka kutoa puli 20 kwa siku, zote zikiwa sawa, hulazimika kuchonga kalibu ya chuma inayofunguka na kufungwa. Hapo tatizo la joto hukua. Kalibu ya chuma humezeshwa moto kila baada ya dakika chache, na isipopozwa, kipande cha kumi hakifanani tena na cha kwanza.

Ndiyo maana kalibu za namna hii hutobolewa mifereji ndani ya kuta zake ili maji yapite. Maji huingia baridi upande mmoja, hubeba joto na kutoka ya moto upande wa pili. Viwanda vinavyosubu chuma kwa mfululizo hutumia kalibu za shaba zinazozungukwa na maji wakati wote. Mwenye mashine ya kusaga kijijini analijua jambo hili bila kuambiwa: injini yake ya Lister yenye pipa la maji pembeni inafanya kazi kwa mtindo huo huo. Maji ya moto hupanda juu ya pipa, ya baridi hushuka na kurudi injini. Pipa likikauka, injini hukamata.

Na anajua jambo la pili. Injini inaweza kuchemka hata kama pipa limejaa.

Hapa ndipo pwani ya Lindi inapokuwa na kesi yake. Visima vingi vya ukanda huu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe na chokaa. Maji yake ni magumu: sabuni haitoi povu kirahisi, na birika likichemshiwa chai kwa miezi michache hujijengea ukoko mweupe ndani. Kila mama wa nyumba kutoka Somanga hadi Mchinga ameukwangua ukoko huo. Maji hayo hayo yakipitishwa kwenye ukuta wa kalibu wenye joto, ukoko hujijenga ndani ya mfereji ambako hakuna jicho linalofika wala kisu cha kukwangulia.

Ukoko wa chokaa hupitisha joto vibaya sana ukilinganisha na chuma. Tabaka la milimita 1 tu lina athari sawa na kuongeza unene wa chuma wa sentimita 1 hadi 2 kati ya maji na metali iliyoyeyuka. Fundi anaona maji yanaingia, anaona maji yanatoka, anaridhika kwamba kalibu inapozwa. Kumbe maji yanapita kama mgeni asiyekaribishwa ndani. Joto linabaki kwenye kuta, kitovu cha puli kinachelewa kuganda, na vishimo vinarudi.

Maji ya karibu na bahari yana kasoro nyingine: chumvi. Hayo hayaishii kwenye ukoko, hula chuma chenyewe, na mfereji uliotoboka ndani ya kalibu ni hatari ambayo itaelezwa mbele.

Kupima utendaji wa mifereji hiyo hakuhitaji maabara. Kunahitaji ndoo, saa, kipimajoto na daftari, vitu ambavyo kwa pamoja havifikii bei ya puli chache.

Kipimo cha kwanza ni wingi wa maji. Weka dumu la lita 20 kwenye bomba la kutolea, angalia saa, na andika limejaa kwa sekunde ngapi. Hesabu ya kinachotakiwa si ngumu. Kilo 1 ya aluminiamu iliyomiminwa ikiwa na nyuzi 700 za Selsiasi, ikashuka hadi nyuzi 400, huachia joto la takriban kilojuli 700. Lita 1 ya maji huchukua kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi 1 inayopanda. Ikikubaliwa maji yapande nyuzi 5 tu, kila lita hubeba kilojuli 21, yaani zinatakiwa lita 33 hivi kwa kila kilo ya aluminiamu.

Anayesubu puli ya kilo 2 kila baada ya dakika 5 anahitaji, kwa hesabu hiyo, lita 13 hivi kwa dakika. Dumu la lita 20 lijae kwa dakika moja na nusu. Kwa kuwa sehemu ya joto hupotelea hewani, hicho ni kiwango cha juu, na aliye karibu nacho yuko salama. Aliye na maji yanayodondoka kama ya bomba la mtaani wakati wa mgawo hana mfumo wa kupoza, hata kama alitoboa mifereji kumi.

Kipimo cha pili ni tofauti ya joto kati ya maji yanayoingia na yanayotoka. Hiki kisisomwe peke yake. Maji yakitoka ya moto sana huku dumu likichelewa kujaa, maji ni machache: pampu dhaifu, mpira umekunjika au mfereji umeziba nusu. Maji yakitoka karibu na baridi yaliyoingia nayo huku ukuta wa kalibu ukiunguza, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa joto halivuki kwenda kwenye maji. Ama ukoko umejenga, ama mfereji ulitobolewa mbali mno na mahali penye joto. Wengi hufurahia maji kutoka baridi wakidhani ndiyo mafanikio, na kosa hilo ndilo linaloficha ukoko kwa miezi.

Cha tatu ni joto la ukuta wa kalibu wenyewe, hasa pale penye kitovu, ukilinganishwa na pale penye ukingo mwembamba. Siku hizi vipimajoto vya kuelekeza kwa mbali vinauzwa kwa bei ambayo fundi wa kawaida anaweza kuimudu. Ila vina hila moja: uso wa metali unaong'aa hukidanganya kifaa, kikasoma pungufu kuliko ukweli. Fundi apake doa la rangi nyeusi inayostahimili moto, apime hapo hapo kila mara. Kalibu ya kusubia aluminiamu hufanya kazi vizuri ikiwa na joto la nyuzi 200 hadi 300 kabla ya kumimina. Ikiwa chini mno, metali huganda kabla ya kujaza umbo, ndiyo maana vipande vya kwanza vya asubuhi hutoka na mishono na hurudishwa kuyeyushwa. Maji yafunguliwe baada ya kalibu kupata moto, tena polepole. Kumwaga maji baridi ghafla kwenye kalibu iliyowaka ni kuipasua.

Vipimo hivyo viandikwe kila siku kwa mistari mitatu kwenye daftari. Dumu lililokuwa likijaa kwa sekunde 90 mwezi wa kwanza na sasa linachukua sekunde 130 linasema wazi kuna kitu kinaziba, hata kabla puli ya kwanza haijavunjika Liwale.

Baada ya maji, kipuri chenyewe kipimwe. Mafundi wazoefu hukata kipande kimoja katika kila kundi kwa msumeno na kutazama ndani. Ni kipimo kizuri ingawa kinauma, kwa sababu kipande hicho hakiuzwi, hurudi tanurini. Kuna kingine kisichoharibu kitu, na hiki kinaweza kufanywa hata na mwenye duka mwenye mizani ya kidijitali ya kuning'iniza.

Pima kipuri cha aluminiamu kikiwa hewani. Kisha kining'inize kwa uzi, kizamishe chote kwenye ndoo ya maji bila kugusa chini, usome tena. Kilichokuwa kilo 2.70 kikisoma kilo 1.70 majini, tofauti ni kilo 1.00. Gawanya 2.70 kwa 1.00, unapata 2.7, ambao ni uzito wa kawaida wa aluminiamu ukilinganisha na maji. Kipuri kingine cha kilo 2.70 kikisoma kilo 1.62, tofauti ni 1.08 na jibu ni 2.5. Karibu asilimia 7 ya mwili wake ni hewa. Mnunuzi amelipia vishimo.

Ni haki kusema kwamba kipimo hiki hakioni shimo lililo wazi kwa nje, kwani maji huingia humo, na kwamba aluminiamu ya skrepa iliyochanganyika na shaba au zinki huwa nzito zaidi ya kawaida. Njia ya uhakika ni kulinganisha vipande vya siku moja na chungu kimoja. Pistoni chakavu zina silikoni, hutiririka vizuri na husinyaa kidogo. Makopo ya soda ni jambo jingine kabisa. Wanunuzi wa chuma chakavu wa Lindi na Kilwa wangeanza kutenganisha pistoni, rimu, sufuria na makopo katika magunia tofauti, fundi angejua anayeyusha nini, na wao wangekuwa na sababu ya kudai bei tofauti.

Sasa ile hatari. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke hutanuka hadi zaidi ya lita 1,600. Tone likinaswa chini ya aluminiamu iliyoyeyuka halina pa kwenda ila kuirusha metali juu, usoni mwa aliyeinama. Kalibu yenye mfereji uliopasuka ni bomu. Kabla ya kazi, kila mara, mdomo wa kutolea uzibwe, maji yasukumwe kwa pampu ya mkono hadi shinikizo lizidi lile la kazini, yaachwe kwa saa nzima. Kukitokea jasho tu kwenye uso wa ndani wa kalibu, isitumike. Hali ya hewa ya pwani inaongeza jingine: skrepa iliyolala nje usiku au iliyotoka baharini ina unyevu na chumvi, ikaushwe kwanza pembeni ya moto kabla ya kutiwa chunguni. Fundi anayefanya kazi kwa kandambili na fulana kando ya metali ya nyuzi 700 hajalipwa vya kutosha na mtu yeyote.

Kuhusu ukoko, suluhisho la bei nafuu liko juu ya paa. Maji ya mvua hayana chokaa. Tenki moja lililojazwa masika, maji yakizungushwa kutoka tenki kwenda kwenye kalibu na kurudi, kama lile pipa la injini, hutosha kazi ya miezi kwa sababu ni yale yale yanayorudi, na kinachoongezwa ni kile kilichopotea kwa mvuke tu. Tenki liwe kubwa kiasi cha maji kupata muda wa kupoa. Mifereji iliyokwisha kupata ukoko husafishwa kwa kuzungusha siki au maji ya ndimu kwa saa kadhaa na kusuuza vizuri. Asidi ya betri isikaribie kalibu.

Kuna mafundi watakaosema macho yao yanatosha, kwamba baba zao walisubu bila kipimajoto. Wanasema kweli kwa upande mmoja. Anayesubu sufuria tatu kwa siku kwenye mchanga hana haja ya mifereji, na kumshauri anunue kalibu ya chuma yenye maji ni kumtia hasara. Kwake inatosha kuzika kipande cha chuma baridi kwenye mchanga pale penye kitovu ili pavutwe joto haraka, kuweka akiba ya metali juu ya sehemu nene ili ilishe pengo, na kutoboa matundu ya kutolea hewa. Kalibu yenye mifereji hulipa pale tu kipuri cha aina moja kinapohitajika kwa mamia.

Na hapa ndipo wenye mamlaka wanapoingia. Nani anajua mkoa wa Lindi unahitaji puli ngapi za saizi ipi kwa mwaka? Mashine za kusaga zipo, za kukamua ufuta zipo, na wabanguaji wadogo wa korosho wapo. Kila mmoja hununua peke yake, kwa dharura, kwa bei ya dharura. Vyama vikuu vya ushirika, Lindi Mwambao na RUNALI, vinajua kila AMCOS iko wapi na vinasafirisha mizigo kila msimu. Kazi ya kukusanya orodha ya vipuri vinavyovunjika mara kwa mara haishindi nguvu yao. Orodha hiyo ndiyo ingemwambia fundi kama kalibu ya chuma italipa au la.

SIDO, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 hasa kwa ajili ya viwanda vidogo, ina ofisi mkoani Lindi. VETA ina chuo mkoani. TEMDO na CAMARTEC zipo Arusha na zina wahandisi. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na fundi karakanani kwa siku tatu akiwa na ndoo, saa na kipimajoto. Semina za hotelini zimetosha. Vikundi vya vijana vinavyopata mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa kazi za uchomeleaji na usubuji vingepewa sharti moja jepesi: vionyeshe daftari la vipimo.

Yapo mazungumzo makubwa zaidi kuhusu chuma. Tangu NDC ilipoingia ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mwaka 2011, watu wa Kusini wamesikia mengi juu ya chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma. Ni habari njema ikitimia. Lakini chuma cha Liganga kikimiminwa kwenye kalibu isiyopozwa sawasawa kitatoa puli yenye kishimo kama ya skrepa. Ndivyo ilivyo hata kwa gesi ya Songo Songo, ambayo tangu mwaka 2004 imekuwa ikiwasha mitambo ya Dar es Salaam huku wasubuji wadogo wakihangaika na mkaa na oili chafu. Ikifika siku tanuri za Kilwa zikiwaka kwa gesi ya Kilwa, metali itayeyuka upesi na kwa bei nafuu, na kalibu zitapata moto upesi zaidi kuliko sasa.

Wazee wa Nachingwea wanaukumbuka mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Miongoni mwa yaliyouandama ni matrekta kukwama kwa kukosa vipuri na mafundi. Serikali ya kikoloni ilikuwa na fedha za kupoteza. Mwenye mashine moja ya kusaga Mtama hana.

Wakati wa kuanza ni kabla ya Oktoba, korosho hazijaanza kuokotwa na fedha hazijaanza kuzunguka. AMCOS zikusanye orodha zao mwezi huu. SIDO Lindi itaje siku na karakana ambayo vipimo hivi vitaonyeshwa hadharani, wenye mashine na wauza vipuri wakialikwa. Na mwenye duka la vipuri, kuanzia kesho, anaweza kuweka ndoo ya maji na mizani mlangoni.